Dumu la Maji ya Moto kwa Ajili ya Somoe

Jumanne, asubuhi. Upepo mkavu wa kiangazi, ule unaopasua midomo hata ukipaka mafuta. Nimevaa sweta la Masanja juu ya dera langu na bado meno yanagongana. Geita hii, ukimwambia mtu wa pwani kwamba kuna baridi atakuona muongo.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: Somoe ni kaa. Si kaa wa kutia nazi! Ni wale wadogo wanaoingia ndani ya nyumba ya konokono na kutembea nayo mgongoni. Nilipoolewa huku nilitoka nao Pangani watatu, kwenye ndoo ya mchanga. Abiria wenzangu walidhani nimebeba kitoweo. Masanja, mume wangu, Msukuma wa Samuye, alifunua ile ndoo akaniuliza, “Mahari yote ile, ndiyo nimeletewa wadudu?” Nilicheka naye. Moyoni nilinuna wiki nzima.

Wawili walikufa kwa baridi msimu kama huu, mwaka jana. Amebaki Somoe.

Naandika hapa jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku nilipomzika wa pili, nilijiapia kwamba Somoe naye akifa, narudi kwetu. Begi langu kubwa nikalitoa uvunguni, nikalipangusa vumbi, nikaliweka juu ya kabati, mahali pa kulifikia upesi. Sikuapa kwa sababu ya kaa.

Muongo mimi. Ni kwa sababu ya kaa hasa.

Watu wa hapa hawajanikosea. Wananisalimia, wananialika, na kwenye misiba wananipa kazi kama mwenzao. Lakini mazungumzo yakikolea wanahamia Kisukuma, nami nabaki natabasamu kama picha ya ukutani. Nikirudi nyumbani, nachutama mbele ya tangi la kioo nampigia Somoe soga. Yeye tu ndiye katoka nilikotoka.

Sasa juzi akajikunja ndani ya gamba lake, akagoma kutoka. Nikamwekea kipande cha nazi, anachokipenda kuliko vyote, hakukigusa. Nikamshika, baridi tupu. Mtandaoni wanasema nunua mkeka wa umeme wa kupasha tangi joto. Haya! Geita utapata dhahabu, utapata baruti na pampu za kunyonya maji shimoni, lakini mkeka wa kumpasha kaa joto uuombe wapi wasikucheke? Balbu nazo, hizi za siku hizi, zinatoa mwanga tu. Na umeme wenyewe ukikatika ndio basi tena.

Jana asubuhi jirani yangu Mama Kulwa, mfuga kuku, akanihurumia. “Mfanyie kama kifaranga,” akasema. Yeye vifaranga wake anawalea kwa jiko la mkaa, na hawafi. Nikaona hilo nalo neno. Nikafungua dirisha, nikasogeza jiko karibu na tangi, mkaa ukashika vizuri, mwenyewe nikajipongeza.

Looh! Adhuhuri Somoe katoka nusu ndani ya gamba, kalegea, miguu imekauka. Hapo ndipo akili iliponirudia. Mimi mtoto wa Pangani, nimesahau kwamba kaa anapumua kwa unyevu! Kifaranga anataka joto kavu. Kaa anataka joto la kwetu, lile linalokufanya unate mwili mzima. Nilimkausha kwa mikono yangu. Nilitoa jiko mbio, nikarushia maji mchangani, nikafunika tangi kwa khanga mbichi. Joto likatoweka tena. Nilikaa chini nikalia, wala sioni aibu kulisema.

Masanja anafanya kazi karashani, wanaposaga mawe ya dhahabu. Jana jioni aliporudi alikuwa na dumu kubwa begani, linatoa mvuke mdomoni. Kumbe Mama Kulwa alishampigia simu. Kule kwenye karasha kuna pipa la maji ya kupozea injini ya dizeli, na ikifika jioni maji yale huwa ya moto. Vijana wote huyaogea kabla ya kurudi makwao. Yeye jana hakuoga. Alijaza dumu, akaja nalo.

“Ila usimwagie ndani,” akaniambia. “Kule kuna zebaki. Funga kifuniko, liegemeze tu kwenye kioo.”

Nikamuuliza tangu lini anahangaikia mdudu. Hakucheka.

“Huyu akifa, lile begi litashuka,” akasema. “Unadhani silioni?”

Mwaka mzima nilidhani siri ni yangu, kumbe mwenzangu kila akilala analiangalia begi. Nikapanda kwenye stuli, nikalishusha. Nilimwona Masanja anavyoganda pale mlangoni, jitu zima la karashani.

Nikalifungua. Nikatandika blanketi ndani, nikalitumbukiza dumu, nikaliziba pande zote isipokuwa upande wa kioo. Nikalisukuma mpaka likagusana na tangi, nikalowesha tena ile khanga, nikafunika vyote viwili.

“Wabeja,” nikamwambia. Ni Kisukuma, ni asante. Alicheka lafudhi yangu mpaka akakaa chini.

Alfajiri ya leo dumu lilikuwa bado vuguvugu na kioo kimejaa matone. Nikasikia mkwaruzo. Somoe yuko kwenye ile nazi, mmoja wa miguu yake haunyooki vizuri, lakini anakula kwa hasira. Masanja hakunisalimia wala hakuulizia chai. Kabla hajavaa hata viatu, aliuliza, “Amekula?”

Kiangazi bado kirefu, najua. Nimeazimia. Kila jioni dumu, kila asubuhi khanga mbichi, na jiko libaki kwa Mama Kulwa. Simpotezi huyu.

Begi limeshaanza kunuka dizeli. Hata nikitaka kusafiri nalo, basi gani litanipakia?