Siku Shangazi Alipokunja Mikono ya Gauni

Shangazi yangu mpendwa,

Juzi nilipita Kaloleni, nikasimama nje ya ile nyumba yenu nikacheka peke yangu, hadi mama mmoja aliyekuwa akianika nguo akaniuliza kama niko sawa. Nilikuwa nimekumbuka ulivyokuwa ukiingia mlangoni kwa ubavu huku ukiugombeza: "Fundi aliyejenga hapa alidhani tunafuga kuku!"

Baba alinileta kwako kutoka Bungoma nikiwa na miaka kumi na miwili, miaka ya tisini ikianza, ili nisome Nairobi. Mumeo alikuwa mtu wa reli, nawe ulishona sare za shule hapo kibarazani, redio ikiimba kando ya cherehani. Ulikuwa mnene, na hakuna aliyeona kasoro. "Nafula, kweli bwana anakutunza!" wanawake wa kanisani walisema, nawe ukazunguka polepole ili waone vizuri. Chai yako ilitiwa vijiko vitano vya sukari, na chapati haikuwa chapati kama haing'ai mafuta.

Ila hukuwahi kuvaa mikono mifupi, hata jua la Januari likiwaka. Nilijua sababu siku niliyokukuta ukijipaka mafuta. Viwiko vyako vilikuwa na mabaka mekundu yaliyofunikwa na magamba meupe, kama samaki.

"Ni mba tu," ulisema ukiteremsha mikono ya gauni haraka. "Na usimwambie mtu. Watasema naambukiza."

Kisha zikaja shida za vidole. Asubuhi moja kidole chako cha shahada kiliamka kimefura chote kama soseji. Visigino vikauma, magoti yakagoma. Ulikuwa ukikaa ukingoni mwa kitanda karibu saa nzima ukingoja mwili ulegee. Mama Atieno, jirani yetu, alishika kiuno akatoa hukumu: "Hiyo ni gauti. Wacha nyama." Ukaacha nyama. Kidole hakikujali.

Siku mkasi ulipokudondoka katikati ya kitambaa, uliniita nikate mimi. Nilikata sketi ya msichana wa darasa la saba, ikatoka ya kumtosha mtoto wa nasari. Tulicheka sana, lakini nilikuona ukijifuta macho kwa utepe wa kupimia.

Ndipo tukaenda kliniki. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, nawe ulimwonyesha kidole tu. Alizitazama kucha zako, zilizojaa vishimo vidogo kama kastabani, akauliza, "Mama, ngozi yako ikoje?" Ukanitazama mimi, kana kwamba nilikuwa nimekuchongea.

Alisema ngozi na viungo vyako vilikuwa na ugonjwa mmoja. Ule wa ngozi ni soriasisi, nao ulikuwa umeingia kwenye maungio ukawa baridi yabisi. Hauambukizi. Akakuandikia dawa, kisha akasema kwa upole, "Na huu uzito, mama. Unavilemea viungo vinavyouma tayari. Ukipungua, utapata nafuu."

"Daktari, mwili huu nimeujenga miaka ishirini. Nitaubomoa kwa siku ngapi?"

"Kidogo kidogo tu," alijibu huku akicheka. "Hata ukuta mmoja ukianguka utasikia tofauti."

Basi tukaanza kubomoa. Sukari ikashuka, mrenda na kunde zikapanda sufuriani, mumeo akanung'unika wiki mbili kisha akazoea. Jioni tulitembea. Mwanzoni tulifika mwisho wa safu ya nyumba tu. Miezi ilipopita tukafika Kariokor kununua uzi, ukipumzika njiani na kusalimia kila mtu wa Pumwani kana kwamba unagombea kiti cha diwani.

Ulipungua, Shangazi, na vidole vikakubali tena kushika mkasi. Lakini Nairobi ya miaka ile ilikuwa na neno moja tu kwa mtu anayekonda: ukimwi. Hawakulisema mbele yako. Wateja waliacha kuleta vitambaa. Kanisani benchi letu likapata nafasi ya ajabu. Mama Atieno mwenyewe aliniuliza kwa kunong'ona, "Shangazi yako anakohoa?"

Nilidhani utarudia chapati ili wanyamaze. Badala yake, kwenye mkutano wa akina mama, ulisimama, ukafungua vifungo, ukakunja mikono ya gauni hadi juu ya viwiko. Nilitamani sakafu inimeze.

"Tazameni vizuri," ulisema. "Hiki ndicho nilichowaficha. Ni ngozi yangu, na viungo vyangu, na haviambukizi. Sikondi kwa kuugua. Nakonda nipone. Mwenye swali aniulize mimi, asimsumbue mtoto."

Mama Atieno akasimama, akavua kitambaa chake cha kichwa. Nyuma ya masikio alikuwa na magamba yaleyale. "Kliniki ni siku gani?" akauliza. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, na Jumatatu kibaraza kilikuwa kimejaa vitambaa.

Ugonjwa haukuondoka kabisa. Ulikuwa ukirudi, ukikaa, ukiondoka. Lakini ulishona miaka mingi baada ya hapo, na gauni langu la harusi ulilikata kwa mkono wako.

Nakuandikia haya kwa sababu kiwiko changu nacho kimepata baka. Nilikuwa nimenenepa ofisini, nikikaa kutwa nzima, na vidole vya miguu vilipoanza kufura sikusema ni mba wala gauti. Nilienda hospitali wiki hiyohiyo. Siku hizi madaktari wanajua zaidi: mafuta ya mwilini si mzigo wa magoti tu, yenyewe yanachochea ule moto wa ndani unaoumiza viungo. Nimepewa dawa, nimepungua, na leo asubuhi nimevaa viatu bila kukunja uso.

Hapa Njiru tuko wanawake sita tunaotembea pamoja. Mgeni wetu ni mwalimu mstaafu anayeona haya kwa jinsi anavyohema. Jana alitaka kurudi nyumbani, nikamwambia twende mwendo wake. Sasa hivi yuko getini, amefika kabla ya wote, anaita jina langu mtaa mzima usikie.

Pumzika kwa amani, Shangazi. Ngoja nitoke.

Binti wa kaka yako