Mtungi wa Bibi na Mfongo Wetu

Jumamosi, 23 Februari 2008

Jua kali tangu asubuhi, na Mlima uko wazi hadi kileleni. Naandika kwenye kafe ya intaneti hapa mjini, mtaa wa Soweto, kidole kimoja kimoja, na nafuta kila neno la pili. Si uzee. Ni mshtuko.

Wanaoisoma blogu hii wanajua mimi ni mtu wa mfongo. Kwa wageni: mfongo ni mfereji wetu wa kunywesha migomba na kahawa. Unatoka juu msituni na kushuka kwetu Mwika, kihamba hadi kihamba, yaani shamba la ukoo mmoja hadi la mwingine. Huu wetu aliuchimba babu. Nimeshasimulia hapa alivyooteshwa ndoto, akapanda msituni peke yake, akapigana na chatu aliyelalia chemchemi, mnene kama debe. Nilikosea. Alikuwa kama pipa.

Ndiyo maana mwenye mfongo hutoka kwetu. Babu, baba, halafu mimi. Mimi ndiye nasema nani afungulie maji leo na nani asubiri, na sijawahi kumpendelea mtu, isipokuwa shemeji zangu.

Mvua za vuli zilibomoa ukingo pale mfongo unapokata kona. Tulipanda wanaume wote, tukaziba kwa magogo ya migomba na udongo kama baba zetu, tukanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, tukashuka. Ukabomoka. Tukapanda tena, safari hii mbege ikaisha kabla ya kazi. Ukabomoka tena. Na sasa ndio wakati wa kahawa kutoa maua, yangu ilikuwa imesokota majani kama sigara. Wanawake wakawa wanateremka korongoni na ndoo.

Kwenye kikao cha Jumapili iliyopita, Meku Ndekirwa, mzee mwenzangu anayekitamani kiti changu tangu ujana wetu, aliniuliza mbele ya watu wote, "Mwenye mfongo, maji yako wapi? Au chatu amerudi?"

Wakacheka. Mimi na mdomo wangu nikajibu kwamba maji yasipofika kabla ya Jumapili hii, kiti achukue yeye.

Nilisema. Na wote walisikia.

Nikamwendea mdogo wangu Eliaichi, fundi mwashi kule Kiboriloni. Ndiyo, ni mwanamke, na ana mafundi wanaume chini yake. Kila Krismasi humtania kwamba suruali yake imeshiba saruji hadi inasimama yenyewe.

"Shikamoo kaka," alisema bila kushuka kwenye jukwaa. "Umekuja kunitania au umekwama?"

"Marahaba. Nimekwama."

"Sema tena, wenzangu hawajasikia."

Alikuja Mwika na bomba lake la mpira mwangavu, la kupimia usawa kwa maji. Akaitazama kona, akasema ule udongo wote unateleza, tunaziba bure. Njia ihamishwe juu ya kona, na kupima kuanzie mdomoni mwa mfongo, kule maji yanakoingilia.

Hapo nikamzuia. Mdomoni mwa mfongo mwanamke hakanyagi. Tumelelewa hivyo: akikanyaga, maji yanarudi mlimani. Mimi mwenyewe nimefukuza wasichana waliokuwa wakikata majani ya ng'ombe karibu na pale. Nikamwambia atuelekeze akiwa chini, sisi tutapima.

Mama yetu, ambaye hana tena meno wala haraka, alikuwa mlangoni anamenya ndizi. Akacheka hadi kisu kikamponyoka.

"Kwani wewe unadhani njia ya ule mfongo alionyesha nani?"

"Babu."

"Babu yako alikuwa na jembe. Njia alionyesha mama mkwe wangu. Aliniambia mwenyewe tukichota maji."

Akaeleza huku anaendelea kumenya. Bibi alijaza mtungi hadi ukingoni, akajitwisha, akaanza kutembea kutoka kule juu. Mtu aliyebeba maji tangu utoto, shingo yake inajua ardhi inakoinamia kabla macho hayajaona. Mteremko ukizidi, anasogea upande wa mlima. Akihisi anapanda, anarudi chini kidogo. Babu alikuwa nyuma, anachimba kwenye nyayo zake.

"Na alianzia mdomoni?"

"Angeanzia wapi? Mfongo ulipokwisha wanaume wakachinja mbuzi kule juu, wakala wenyewe, wakasimuliana wenyewe. Sisi tukaambiwa tusifike."

"Na chatu?"

"Chatu alikuja na masimulizi ya baba yako. Wewe umemnenepesha."

Nilikaa chini.

Halafu nikauliza bibi aliitwa nani. Mababu zangu nawataja hadi wa saba, kama sala. Yeye alinipakata, alinilisha, na nilikuwa najua "Bibi" tu.

Mama alifikiri kwanza. "Manka."

Nimeliandika hapa lisipotee.

Alhamisi Eliaichi alipanda na mafundi wake, mimi nyuma na jembe. Wazee walibaki chini kusubiri balaa. Alipokanyaga mdomoni niliyatazama maji, na nasema ukweli, nilisimama na jembe nikingoja yarudi mlimani. Maji yakapita kama kawaida. Tulichimba siku hiyo na kesho yake kutwa, na jana jioni maji yakashuka, machafu, yamebeba majani, yakaingia viatuni mwa Meku Ndekirwa aliyekuwa amesimama chini kwenye mfereji mkavu akisubiri.

Alinipa mkono. "Kiti ni chako, mbe," akaniita, yaani bwana.

Leo sokoni wananiita shujaa. Nami nilijisikia naanza, "Mimi na jembe langu..." Nikanyamaza. Mimi, kunyamaza. Muuza nyanya akaniuliza kama naumwa.

Kesho baada ya ibada kuna kikao. Nitasimama niseme mwenye mfongo ni Eliaichi. Meku atapiga kelele, na wazee wengine watatoka. Eliaichi mwenyewe sijamwambia, maana atasema nimechoka kuamka alfajiri kufungua maji. Watakaobaki nitawasimulia habari za Manka, na Mwika nzima hakuna wa kuzisimulia kunishinda.

Chatu namwacha, roho inaniuma.

Ila ule mtungi. Mama anasema ulikuwa wa kawaida. Mimi nikifikiria urefu wa mfongo wetu, naona lazima ulikuwa kama pipa.