Makontena Yaliyotoka Kabla ya Kuingia

Jumatatu, 4 Oktoba 1993

Kivuko kimechelewa. Nimefika Changamwe saa mbili na dakika kumi. Viatu mlangoni kama kawaida, chumba cha kompyuta hakiingiwi na viatu. Soksi ya kushoto imetoboka kidoleni. Nimeficha mguu chini ya meza siku nzima.

Kurasa kumi na nne. Nachukua daftari la lango la kuingilia, nasoma namba ya kontena na tarehe, naipa mashine. Kisha daftari la lango la kutokea, vivyo hivyo. Mashine inatoa tarehe moja katika nyingine na kusema kontena limelala uwanjani kwetu siku ngapi. Ningeweza kuifanya kwa penseli. Lakini penseli haikuletwa na lori kutoka Nairobi ikiwa imefungwa kwa blanketi, kwa hiyo meneja wetu, Bwana Fazal, haiamini.

Sababu ya kazi hii: zamani kontena lililala hapa wiki nyingi likingoja karatasi. Tangu leseni za kuagiza bidhaa ziondolewe, mitumba na matairi vinamiminika. Bwana Fazal hajui kama akodi kiwanja cha jirani au asikodi. Mwenye kiwanja anataka jibu kabla ya mwezi kwisha.

Bwana Fazal ameingia mara tatu na kikombe cha chai, kukagua. Amesimama chini ya kiyoyozi, akafumba macho, akatoka. Hakukagua kitu.

Jumatano, 6 Oktoba

Kurasa kumi na saba. Kazi huenda haraka nikifika kwenye kurasa za Mzee Athumani. Analinda lango la kuingilia zamu ya usiku, mwaka wa ishirini na nane huu. Hati yake inasomeka kama kitabu. Kila mstari ameukausha kwa karatasi ya wino kabla ya kuandika mwingine. Mutua wa lango la kutokea anaandika kama mtu anayekimbizwa na nyuki.

Jioni hukutana na Mzee getini, mimi natoka, yeye anaingia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ile mashine yenu imekula leo?"

"Imekula madaftari mawili."

"Na haishibi. Siku moja itawala na nyinyi."

Anastaafu Februari. Kiinua mgongo chake kimeshapangiwa kazi: mabati ya nyumba yake Mtongwe.

Alhamisi, 7 Oktoba

Bwana Fazal ameondoka saa tisa, kama kila Alhamisi. Huenda kwa mama yake mjini. Nimekula mkate ndani ya chumba cha kompyuta. Ni marufuku. Chembe zimeingia katikati ya vitufe. Herufi ya B sasa inakwama.

Jumanne, 12 Oktoba

Madaftari yamekwisha. Nimeiamuru mashine ihesabu.

Mashine inasema makontena arobaini na moja yamelala uwanjani siku kutoa moja. Maana yake, yalitoka jana yake kabla ya kuingia.

Nimehesabu tena. Arobaini na moja.

Nimetazama madaftari yenyewe, nikidhani ni kosa langu. Si langu. Kontena limeandikwa kuingia Jumanne. Daftari la Mutua linasema lilitoka Jumatatu. Yote arobaini na moja yaliingia zamu ya Mzee Athumani.

Sikumwambia mtu. Nimefurahi. Naandika hapa kwa kuwa ni kweli: nimefurahi. Miaka sita katika ofisi hii nimekuwa msichana wa mafaili. Leo nimegundua kitu.

Jumatano, 13 Oktoba

Nimempelekea Bwana Fazal karatasi. Ameisoma akiwa amesimama, halafu akakaa, halafu akasimama tena.

"Bi Kadzo," akasema, "ama mashine ina wazimu, ama mtu anaandika urongo. Na mashine niliichagua mwenyewe."

Saa sita mchana nimeletewa kiti kipya. Kina magurudumu. Kinazunguka. Nimezunguka mara nne mlango ukiwa umefungwa. Mara ya tano haukuwa umefungwa.

Jioni, Bi Zuhura, mwenye nyumba wangu hapa Bofu, amenialika maulidi ya mjukuu wake. Usiku wa Jumamosi, baada ya isha. Ndiyo kwanza mwezi wa pili wangu katika nyumba hii, na mwaliko wa kwanza. Nitanunua doti ya kanga.

Alhamisi, 14 Oktoba

Vibaya.

Bwana Fazal amewaita Mzee Athumani na Mutua ofisini saa nane, mimi niandike. Ameweka kidole kwenye kontena moja tu.

"Hili liliingia lini?"

Mzee akasoma hati yake mwenyewe. "Jumanne. Saa mbili usiku."

"Mutua, lilitoka lini?"

"Jumatatu, saa tano usiku. Nilifungua geti kwa mkono wangu huu."

Mzee akaapa wallahi. Mutua akaomba aletewe Biblia. Haikupatikana, akaapa kwa kitabu cha simu. Bwana Fazal akauliza kontena tupu linatokaje mahali ambapo halijafika likiwa limejaa. Mutua akasema yeye kazi yake ni kutoa tu, mambo ya kuingia hajui.

Bwana Fazal akasema basi mtu analala zamuni na kujaza daftari asubuhi, kwa kubahatisha. Hakutaja jina. Alitazama ndevu za Mzee.

Mzee Athumani akaitoa kalamu mfukoni, akaifunga kifuniko, akaiweka mezani. "Mimi siandiki urongo, Bwana. Nikiona nimeona, nikaandika." Akatoka. Hakurudi langoni.

Bwana Fazal naye ameondoka saa tisa. Alhamisi.

Kiti kinalia kikizunguka. Sikuwa nimesikia.

Ijumaa, 15 Oktoba

Nimepiga chapa barua ya kumfukuza kazi Mzee Athumani. Kufukuzwa, si kustaafu. Hana kiinua mgongo. Herufi ya B imekwama katika "Bila malipo". Nimeipiga mara tatu.

Bwana Fazal anakwenda Nairobi. Atarudi Alhamisi, na barua itatiwa sahihi Ijumaa tarehe 22.

Nimerudi nimechoka. Upande wa Bi Zuhura wanawake wanaimba, matari yanapigwa. Wanafanya mazoezi ya kesho, nadhani. Wanajua kujiandaa watu hawa.

Jumamosi, 16 Oktoba

Nimeoga, nimevaa gauni la Krismasi, nimebeba kanga na kilo mbili za sukari. Baada ya isha nimebisha hodi kwa Bi Zuhura. Amefungua akiwa na ufagio.

"Karibu, mwanangu. Mbona umependeza hivyo, wendapi?"

"Nimekuja maulidini."

Akanitazama. "Maulidi tumesoma jana. Niliuliza jana huyu mtoto yu wapi, kaambiwa umelala."

"Lakini ulisema usiku wa Jumamosi."

"Ndiyo. Jana. Jua likishazama Ijumaa, si Jumamosi imeingia?"

Binti zake walicheka hadi mmoja akakaa chini. Mimi nilizaliwa Kaloleni. Kwetu siku huanza watu wakiamka. Bi Zuhura hakucheka, ila mdomo wake ulikuwa na kazi kubwa. Akanipakulia pilau iliyobaki. Nimekula matonge mawili. La tatu lilikuwa njiani nilipokumbuka hati ya Mzee Athumani.

Jumanne. Saa mbili usiku.

Nimeacha sahani. Nimeacha na sukari. Kanga nimerudi nayo bila kujua.

Jumapili, 17 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nimekaa na kalenda.

Kontena laingia Jumatatu, jua limezama. Kwa Mzee Athumani hiyo ni Jumanne tayari, naye anaandika Jumanne. Linapakuliwa palepale, linatoka tupu saa tano usiku uleule. Kwa Mutua, mtu wa Machakos, bado ni Jumatatu. Wote wawili wamesema kweli.

Na kwa nini haikuonekana miaka ishirini na saba? Kwa sababu kontena lilikuwa likilala wiki sita. Siku moja ikipungua humo nani ataijua? Sasa leseni hakuna, na kila mwenye mali anaogopa serikali itageuza nia asubuhi. Anapakua usiku huohuo. Sheria imebadilika, siku ya Mzee imebaki pale ilipokuwa.

Nimeelewa yote. Sijafurahi hata kidogo.

Jumatatu, 18 Oktoba

Nimekagua makontena yote arobaini na moja. Saa kumi na mbili na nusu jioni, saa moja, saa mbili, saa tatu. Hakuna hata moja lililoingia jua likiwaka.

Bwana Fazal yuko Nairobi. Barua iko kwenye droo yake. Najua, mimi ndiye niliyeiweka.

Wazo baya, naliandika ili nilione: nikinyamaza, hakuna atakayejua. Kiti kitabaki changu. Nikisema, nakiri kuwa nimekula mkate na heshima ya mzee wa watu katika mashine hiyohiyo.

Leo nimekaa kwenye kiti cha zamani.

Jumatano, 20 Oktoba

Sikukuu, ofisi imefungwa. Nimekwenda Mtongwe.

Mzee Athumani alikuwa anaziba tundu la banda la kuku. Kuta za nyumba zimesimama, juu ni makuti ya muda na mbingu. Alinikaribisha vizuri. Afadhali angenitukana. Mkewe alileta mkate wa kumimina.

Nikamwambia ni mimi niliyepeleka ile karatasi.

"Najua. Mutua alikuja kunipa pole. Akaniomba pia nikiri, apate kulala."

Nikamweleza habari ya Jumanne na Jumatatu. Alisikiliza mpaka mwisho, nyundo mkononi.

"Sasa wao wahesabu siku kuanzia wapi?"

"Saa sita usiku, Mzee."

"Saa sita usiku kuna nini?"

Akasema mwezi mwandamo huonekana magharibi, mfungo huingia magharibi, kila mtu aona kwa macho yake. Saa sita usiku aona nani? Walinzi na wezi. Akagonga msumari.

"Utamwambia Bwana Fazal?"

"Kesho."

"Kesho ya nani?" akauliza, na mkewe akacheka ndani.

Alhamisi, 21 Oktoba

Bwana Fazal amerudi saa saba. Nimejipanga kumwona saa nane. Saa nane nikaenda msalani. Saa nane na nusu pia. Saa tisa kasoro nimemkuta anafunga mkoba.

"Kesho, Bi Kadzo. Nawahi. Leo usiku wa Ijumaa, mama amepika."

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kurasa mbili. Sikuihitaji.

"Bwana, leo si Alhamisi?"

"Alhamisi, ndiyo."

"Na usiku huu?"

"Wa Ijumaa. Si nimekwambia?"

"Kontena likiingia langoni usiku huu saa mbili, niliandike la Alhamisi au la Ijumaa?"

Akaweka mkoba chini, akakaa.

"Yale arobaini na moja," akasema, "yaliingia baada ya magharibi?"

"Yote."

"Na mashine haikulijua hilo?"

"Mashine ni ya ng'ambo, Bwana. Mimi ndiye niliyepaswa kulijua, nikakimbilia kukuletea."

Hakunifokea. Alitoa barua kwenye droo, akaichana mara mbili, akaitia kapuni. Kisha akavitoa vipande, akavitia mfukoni. "Mama asije akajua," akasema. Amechelewa chakula kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Jumamosi, 23 Oktoba

Bwana Fazal alikwenda Mtongwe mwenyewe jana, baada ya sala. Mzee amekubali kurudi. Kalamu yake kaikuta mezani palepale. Kutakwa radhi amekubali. Kubadili siku amekataa. Amesema mashine ikiwa na haraka, na ingoje magharibi kama watu wengine.

Mutua amemwamkia mbele ya watu wote. Mzee akamuuliza kama kitabu cha simu kimeshamsamehe.

Jumatatu, 25 Oktoba

Utaratibu mpya. Ukurasa wa daftari la Mzee utapigwa mstari mwekundu adhana ya magharibi ikisikika. Yaliyo chini ya mstari mpaka saa sita usiku, mimi naondoa siku moja kabla ya kuipa mashine. Mstari anapiga mwenyewe, kwa rula.

Nimehesabu upya. Hakuna kontena lililotoka kabla ya kuingia. Uwanja unajaa kuliko mashine ilivyosema mwanzo, na Bwana Fazal ameamua kukodi kiwanja cha jirani. Saa saba redio imesema ushuru wa nguo huenda ukatazamwa upya. Bwana Fazal amezima redio.

Herufi ya B bado inakwama. Sijamwambia mtu sababu.

Ijumaa, 29 Oktoba (kwa Bi Zuhura, Jumamosi)

Jioni, kabla ya kutoka, nimekisukuma kiti changu mpaka lango la kuingilia. Gurudumu moja lilikataa kwenye kokoto, nikakibeba. Mzee amesema hawezi kukalia kitu chenye miguu inayokimbia. Nimekiacha hapo.

Nimetembea mpaka kwenye kona, nikageuka. Ameketi, daftari magotini, anangoja adhana. Amezunguka mara moja, polepole, akatazama huku na huku.

Kivuko kilikuwa kitupu. Bi Zuhura ameniwekea sahani. Ile doti ya kanga nimempa jana, amejifunga tangu asubuhi.

Soksi nimeshona.