Kizungu Ulichowapa Wazee

Silanga, Kibera
Agosti 1988

Kwa kaka yangu Nzomo,

Pokea salamu za Mama na zangu. Sisi tu wazima, ila Mama kifua kinambana kwa vumbi la makaa anayouza. Natumai wewe na mkeo Filister hamjambo huko ghorofani Nyayo Highrise.

Umeuliza kwa nini tulihama Kawangware bila kukwambia. Mama ndiye aliyenikataza. Leo nimechoka kunyamaza.

Unajua marehemu Baba hakununua pale. Mzee Waithaka alimpa mahali kwa mdomo tu: ajenge, alime maharagwe na sukuma, ila asipande mti, maana kwao anayepanda mti anadai shamba. Mwanawe Gachanja, alipotaka kujenga vyumba vya kupangisha, akawaleta wazee waukague mparachichi wetu. Mama akawaambia ulijiotea wenyewe, kwenye kokwa tulizotupa. Wazee wakaitikia, hata Mzee Waithaka. Chai ikamiminwa.

Ndipo ukafika na tai yako. Hukuuliza lolote. Ukaanza kuwafundisha wazee wa watu kitenzi cha Kiingereza, "settle": kwamba ni kutulia mahali, tena ni kumaliza ugomvi, tena ni kulipa deni, na kwamba asili yake ya kale ni kiti. Kwa hiyo, ukasema, aliyeketi miaka ishirini ni mwenyeji. Kaka, neno hilo walilijua kabla yako. Masetla ndio waliowanyang'anya mashamba. Nyuso zao zilibadilika, nawe hukuona. Ukaongeza, "Na huu mti niliupanda mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

Ulifurahi sana siku hiyo. Mama aliinama tu. Hakuna aliyemaliza chai.

Tukaambiwa tutoke. Siku ya kubeba vitu, Mzee Waithaka alikuja peke yake. Akamwambia Mama kwamba alikuona ukiuchimbia mti ule shimo, ungali mtoto wa darasa la tatu, akanyamaza miaka yote kwa ajili ya Baba. Hata siku ile ya wazee alikuwa amenyamaza. Lakini ulipolisema mwenyewe mbele yao, hakuwa na namna ya kulimeza. Alilia, kaka. Jioni Gachanja akaukata.

Mama anakusalimu na anakuombea. Hajui nimekuandikia haya. Ukija kumwona, njoo na kiti. Hapa tuna kimoja, na ndicho anachokalia akipima makaa.

Ni mimi dada yako,
Kalondu