Mtani Hachukui kwa Mtu Aliye Hai

Likasi, Kikula, tarehe 11 Februari 2024

Kwa mtani wangu Émérence, huko Mulungwishi,

Salamu nyingi. Natumaini magoti yako yanakutii na mihogo imeota. Hapa Princesse, mke wangu, ni mzima. Mimi si mzima sana, ndiyo sababu ya barua hii. Simu unajua masikio yangu hayaiwezi tena, tangu zile mashine za umeme za Koni nilikofanya kazi, kwa hiyo nimempa Ibrahim dereva akuletee karatasi.

Daktari amesema figo zimechoka. Mashine ya kusafisha damu iko Lubumbashi, na anayeianza haiachi. Nimekataa. Nina miaka sabini na minne, nataka kufia kitandani kwangu. Jambo la pili ni nyumba. Tuliijenga na Princesse, matofali alifyatua yeye. Lakini kwa desturi yetu ndugu wa upande wa mama watakuja, na mdogo wangu Gauthier ameanza kuuliza vyumba ni vingapi. Najua sheria inamlinda mjane, na wosia nimeandika mbele ya mashahidi. Ila sheria hufika baada ya matanga, ndugu hufika kabla.

Siku nikishindwa kusema, wewe useme. Sisi wa ukoo wa Mbuzi haturuhusiwi kumkasirikia mtu wa ukoo wa Chui. Tangu babu zetu ninyi mnatuzika na kututukana, na sisi tunacheka. Neno lako watalisikia.

Mtani wako,
Casimir

Mulungwishi, tarehe 3 Machi 2024

Mbuzi wangu mpendwa,

Magoti yanakusalimu, mihogo pia. Barua nimemsomea mjukuu wangu Jaël, tumecheka mpaka ugali wetu wa bukari ukaungua sufuriani. Tangu lini mbuzi anamwandikia chui wosia? Wewe ufe unapotaka, kitandani au chini ya kitanda, mradi usikonde kabla sijafika. Nyumba nitaichukua mimi, na Princesse nitampangisha jikoni. Nianze na lile koti lako la Noeli au na viatu?

Kunywa maji, acha maneno ya wazee.

Chui wako,
Émérence

Likasi, tarehe 26 Mei 2024

Kwa Émérence,

Salamu. Natumaini hamjambo. Mimi nasema, Princesse anaandika, maana mkono umevimba. Nimekaa karibu miezi mitatu bila kukujibu kwa sababu nilikasirika, na mtani hakasiriki, kwa hiyo sikujua niandike nini.

Nilikuomba, ukacheka. Kosa si lako peke yako. Miaka arobaini hatujaambiana neno lililonyooka. Hata mumeo alipokufa niliingia ndani ya kaburi lake nikalala, nikikataa kutoka mpaka niletewe bia. Sasa naogopa. Kufa siogopi sana. Naogopa kulala hapa nikimwona Princesse anatolewa nyumbani kwake na ulimi wangu hausemi.

Nijibu ndiyo au hapana.

Casimir

Mulungwishi, tarehe 29 Mei 2024

Casimir,

Ndiyo.

Nisamehe. Nilipoisoma nililia, na unajua mimi si mtu wa machozi. Mwambie Princesse anipigie saa yoyote. Nitakuwa napanda kanisani asubuhi na jioni, ndiko mtandao unakopatikana.

Émérence

Mulungwishi, tarehe 18 Agosti 2024

Kwa Casimir,

Sikuulizi hali, niliiona Alhamisi. Princesse akushikie karatasi hii mbele ya macho. Wewe ulilala pale ukiona yote lakini husikii, na tangu ulimi ulipogoma huwezi kuuliza. Basi nakueleza yaliyosemwa.

Princesse alinipigia, na nilipofika na Ibrahim, godoro lako lilikuwa tayari ndani ya gari la Gauthier, wakupeleke kwenye mashine. Niliwaambia kila ulichoniagiza: mgonjwa haendi Lubumbashi, nyumba ni ya mke wake, wosia huu hapa. Walinisikiliza kwa heshima kabisa, kisha wakaendelea kufunga mizigo. Gauthier akatoa kabatini bahasha ya karatasi za nyumba, akisema anakwenda kuitunza. Hapo nikaona maneno yangu ni bure. Nikaipokonya ile bahasha mkononi mwake, nikaiingiza kifuani. Ufunguo wa gari ulikuwa mezani, nikauchukua pia.

Gauthier akapiga kelele: «Mama, juu ya nini unakamata bintu? Yaya Casimir iko anapumua!»

Nikamwambia: «Kama iko anapumua, miye niko mwizi. Na weye uko nani?»

Chérie, mke wake, ndiye aliyecheka wa kwanza. Halafu wote, mwisho hata yeye, angefanyaje? Ufunguo niliurudisha godoro liliporudi ndani. Bahasha nimempa Princesse. Kilichochukuliwa na mtani ndugu hawakidai, na mtani humpa amtakaye.

Hayo ndiyo yaliyosemwa. Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyelisema. Mtani huchukua matangani. Hachukui kwa mtu aliye hai. Niliponyoosha mkono nilikuzika mbele ya ndugu zako, na wewe unanitazama. Kisha ukafumba macho. Sijui kama ulikuwa unacheka au ulikuwa umenikana. Kama umekasirika, kasirika, safari hii una haki. Ila nijulishe, hata kwa kidole.

Mtani wako, kama bado,
Émérence

Likasi, tarehe 2 Septemba 2024

Mtani,

Naandika mwenyewe, kwa siku mbili. Niko kitandani kwangu. Princesse anapika.

Redio umeiacha, na siisikii. Mwizi gani wewe? Njoo uichukue.

Mtani wako,
Casimir