Gari la Kukaa, Si la Kupanda

Mama, shikamoo.

Itikia huko huko uliko, mimi nitajua umeitikia. Nimekaa dukani Kibiti, wanaume wamekwenda kuswali Ijumaa, barabara imetulia na hakuna anayeuliza bei ya mchele. Nimeona nikupe habari mwenyewe kabla hujazipata kwa mwingine, maana watu wa Rufiji wanafika huko kila wiki na sijaona hata mmoja anayejua kunyamaza.

Habari yenyewe ni ya gari. Unalikumbuka lile gari dogo la kibosi, refu mbele na refu nyuma, siti za ngozi, likipita halipigi kelele? Lile ambalo kila ukiliona linaelekea Lindi uliuliza amekaa mkuu gani humo ndani. Basi mimi mwanao nilisema nitanunua hilo, la mkononi, lililokwisha tumiwa na mwingine, kwa akiba yote ya duka. Mkweo Athumani aliposikia aliweka kikombe chini kwanza ili acheke vizuri. Yeye alitaka kirikuu. Mfanyabiashara wa mchele, alisema, ananunua kirikuu, anapakia magunia, anakwenda. Na si yeye tu, nusu ya Kibiti walinipa ushauri nisiouomba: linakunywa mafuta, spea zake ghali, tumbo lake liko chini, na njia ya kuingia kwetu Umwe ni mchanga kiangazi na tope masika. Niliwaambia yote hayo nayajua na bado nalitaka.

Sababu ya kwanza ni biashara, usidhani nimerukwa na akili. Siku hizi bibi harusi wa Kibiti hataki kupanda gari lililobeba mkaa asubuhi. Watu wanakodi gari mpaka Dar es Salaam, linakuja limechelewa, dereva hajui njia na anataka kulishwa. Ikikaribia Ramadhani watu wanaoana mfululizo mpaka mpishi anakosa sauti. Mwenye gari la kibosi hapa hapa mjini hatakosa kazi. Hesabu hiyo niliipiga peke yangu na niliipiga vizuri.

Sababu ya pili ni wewe. Najua umekufa, Mama. Lakini gari nililianza kulitaka ukiwa hai, na kutaka hakukwisha siku tuliyokuzika.

Magoti yako ndiyo yalinifundisha magari. Kila gari la kwetu lilikuwa refu, la kuvukia tope, na kila refu lilikuwa ugomvi. Mwingine akushike mkono, mwingine akusukume nyuma, na wewe unashikilia kanga isifunuke huku ukiwatukana wote kwa upole. "Mtu mzima hapandi gari, anakaa," ulisema, ukarudi kwenye mkeka wako na safari ikafa. Safari ya mwisho ya hospitali hukuulizwa. Walikupandisha kwenye kirikuu ya jirani, wakakulaza kwenye godoro, nikakaa kichwani kwako nikikukinga jua kwa mtandio wangu. Ulisema tu, "Leo mmenipata." Iliniuma, na inaniuma hata sasa ninapoandika.

Msibani sikulia. Walisema mwanao ana moyo wa mwanamume. Nilikuwa na masufuria, maji ya kuchota, wageni wa kulaza, kila nikitaka kukaa mtu ananiuliza chumvi iko wapi. Arobaini ikapita hivyo hivyo. Bata wako wengi walichinjwa msibani, waliobaki wamehamia kwangu pamoja na Mama Mdogo, na wote wanakula kuliko walivyokuwa wakila kwako. Mama Mdogo amechukua chumba cha mbele na ameshagombana na majirani wa pande zote, kwa hiyo jua kwamba mdogo wako ni mzima.

Sasa sikia. Dalali mmoja wa stendi alinipigia kwamba limepatikana. Akalileta mwenyewe kutoka Dar, jeusi, limeoshwa mpaka nauona ushungi wangu kwenye mlango. Na mimi sikwenda kichwa kichwa. Nilimwambia alizime lipoe, nikaliwasha mwenyewe likiwa baridi, nikasikiliza. Nikavuta kile kijiti cha oili. Nikatazama tairi kama zimelika upande mmoja. Nikaisoma kadi. Nikaingiza gia moja moja. Lilikuwa halina neno, na bei yake ilikuwa chini ya wenzake, nikasema hii ndiyo riziki yangu.

Halafu nikafunga mlango, nikawasha kiyoyozi.

Mama, ulikuja. Sijui nikwambieje. Ile hewa ya kwanza ilitoka na harufu ya kwako, ya nyumbani kwetu Umwe, ya sisi tukiwa wadogo. Nilihisi umekaa siti ya nyuma umenyoosha miguu na unanisubiri niondoe gari. Nilimwambia dalali asimwonyeshe mtu mwingine, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtu anayeomba punguzo.

Nikamchukua Mama Mdogo twende tukalijaribu mpaka Ndundu, dalali kakaa mbele pembeni yangu. Laiti ungemwona mdogo wako anavyoringa. Alikaa kwanza, kisha akaingiza miguu, mmoja na wa pili, hakushikwa na mtu. Tukafika kwenye matuta ya Ikwiriri nikampitisha taratibu. Alikuwa amefumba macho. Akasema, "Mwanangu, humu mnanuka kwa dada."

Nilitaka kusimamisha gari nimbusu. Kumbe sikuwa nimechanganyikiwa, ameisikia na yeye, na yeye ni ndugu yako wa tumbo moja, hawezi kukosea. Nikaendesha hadi kabla ya daraja la Rufiji kama mtu aliyeshinda kesi.

Tuliegesha pembeni. Mto ulikuwa umetulia, bonde lote la kijani, watu wadogo wadogo mashambani. Mama Mdogo akateremsha kioo akatazama maji kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Hivi kwa dada palinuka hivi lini?"

Nikamjibu siku zote. Akasema, "Siku zote palinuka moshi na mafuta ya nazi. Alhamisi udi. Hii ni ya lini?"

Nikaivuta tena ile hewa, ndipo nikaikumbuka. Hii ilikuwa ya mafuriko, maji yakishatoka ndani. Tulikuwa tunarudi kutoka kule juu tulikokimbilia, unasukuma mlango kwa bega, ndani udongo umelala sakafuni kama uji uliopoa. Unatugawia vifuu tuchote. Kuta zinakandikwa upya, magodoro yako juani siku nzima na bado hayakauki, na usiku tunalala wote kitanda kimoja na wewe kwa sababu hicho kimoja ndicho kikavu. Wewe katikati, sisi tumekubana pande zote, na chumba kizima kinanuka mto. Mimi nilikuwa naomba Mungu maji yaje tena mwakani. Sikuwahi kukwambia hilo.

Nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma, nikavuta kapeti kwenye pembe. Chini yake kulikuwa na udongo laini, umekauka ukapasuka vipande vipande. Nati za siti zilikuwa na kutu. Nilichukua kipande nikakivunja kwa kidole, na sikuhitaji fundi wa kuniambia. Lile gari lilikuwa limezama, sijui mafuriko ya wapi, likaoshwa, likang'arishwa, likaletwa Kibiti.

Dalali akasema ni vumbi la safari. Nikamwambia, "Baba, vumbi halikauki likapasuka." Aliinamisha kichwa akasema mwenye gari alimwambia lilikaa tu gereji muda mrefu. Sikumgombeza. Yeye amekulia Mbagala, atajulia wapi.

Ila nilicheka, Mama, na Mama Mdogo naye akacheka mpaka akashika mbavu. Mtu wa bara angefungua ule mlango mara moja akasema gari linanuka uvundo, akaenda zake. Sisi watu wa bonde tumenusa mafuriko tukaona tumekumbatiwa. Hakuna dalali duniani aliyewahi kupata wateja wa aina yetu.

Kicheko kilipokwisha ndipo nilipopata kazi. Kwa sababu nilikuwa bado nalitaka. Gari lililokunywa maji nalijua mwisho wake: nyaya zinaoza kimya kimya, taa zinaanza kuwaka zenyewe, siku moja linazimika na bibi harusi ndani, na kila fundi anakuja na sababu yake. Kulinunua ni kuitupa akiba ya duka mtoni. Nilijua yote hayo, na njia nzima ya kurudi nilikuwa natafuta namna ya kulinunua hivyo hivyo. Nilishaanza kupanga: nitalitoa siti nizianike, fundi atabadilisha nyaya, na kama halitatembea, basi likae uani, nitakuwa naingia jioni nakaa. Mama Mdogo ananijua. Alikuwa ananitazama kwenye kioo.

Tulipofika Kibiti nilimwomba dalali aniachie funguo kidogo, akanywe chai. Nikahamia siti ya nyuma. Nikapandisha vioo vyote. Mama Mdogo akasimama nje amekipa kioo mgongo, watu wasichungulie.

Humo ndimo nilipokulilia. Msiba wote niliokuwa nimeubeba na masufuria niliutua pale, kwenye gari la watu, siti ya ngozi, mchana kweupe pale stendi. Nililia kwa sauti, bila aibu, nikavuta ile hewa mpaka kifua kikauma. Nilikwita. Sikukuona wala sikukusikia, na wala sitakudanganya kwamba nilisikia. Kulikuwa na mimi, na udongo uliokauka chini ya kapeti. Nilikaa mpaka nikatosheka, nikashuka, nikamkabidhi dalali funguo zake, nikamwambia akamweleze atakayekuja avute kapeti kabla ya kulipa. Mama Mdogo akanipa ncha ya kanga yake nifute uso. Akasema, "Sasa twende tukatafute gari."

Na tukatafuta, kwa sababu mwanao hakuwa amekosea kuhusu gari, alikosea kuhusu gari lile. Wanaoniuliza sasa kama gari la kibosi la mkononi linafaa kununuliwa nawajibu bila kumung'unya maneno: linafaa. Linafaa kama una kazi ya kulipa, maana bila kazi litakula nyumba nzima. Masika liache kwenye lami, wewe uingie Umwe kwa miguu, na hapo hakuna wa kukuonea huruma. Injini itakudanganya, rangi itakudanganya, muuzaji ndiyo kabisa. Kapeti ivue mwenyewe. Na ukikaa ndani ukajisikia vizuri kupita kiasi, shuka kwanza.

Nimelipata kwa mzee mmoja mstaafu wa hapa hapa mjini, aliyekuwa akilifunika turubai na kulitumia kwenda msikitini. Rangi ya maziwa. Lina mkwaruzo mlango wa nyuma, na redio imegoma kwenye stesheni moja ya taarabu, jambo ambalo halimsumbui mtu. Nilivua kapeti zote akiwa ananitazama, chini kukavu, chuma kisafi. Harusi ya kwanza limeshakwenda, na bibi harusi alishuka bila hata ua moja la kichwani kuanguka. Mkweo Athumani, yule aliyetaka kirikuu, anaamka alfajiri kulifuta umande na anawaambia watu "gari letu". Nimemwacha, maana kulifuta ni kazi na mimi siipendi.

Jioni ya kwanza nililiingia peke yangu, siti ya nyuma, nikapandisha vioo. Nilinusa kila mahali, mpaka chini ya siti. Linanuka limau, ile ya kichupa cha kuning'iniza. Humo hamna wewe, Mama. Nimelinunua likiwa hivyo.

Jambo la mwisho. Mdogo wako ameanza kushika ukuta akiamka, anadhani simwoni. Goti la kulia. Anasema ni baridi, nawe unajua kwamba Kibiti hakuna baridi. Jumatatu nampeleka hospitali, atake asitake, wakati bado anaweza kugombana na mimi njiani. Nitampeleka na safari nyingine zote zitakazofuata, sitangoja afike mahali pa kulazwa kwenye godoro. Hiyo ni ahadi, na umeishuhudia.

Nawe sitakutafuta tena kwenye magari ya watu. Nikikukumbuka nitalia, mchana, mbele za wateja, halafu nitafuta uso niendeshe.

Kwaheri, Mama. Mungu akulaze pakavu.

Mwanao,
Mwanahamisi