Pengo Kwenye Duara la Majina

Mjukuu wangu Salma,

Salamu nyingi kutoka mtaani kwetu Mayfair. Sote wazima, na goti la bibi yako limetulia. Jana alikwenda dukani mwenyewe, akarudi akigombana na bei ya vitunguu.

Umeniuliza ilikuwaje mgeni kama mimi nikajiunga na chama cha wafanyakazi, wakati kiwanda cha magari kilikuwa bado hakikitambui. Kusema kweli niliogopa. Kibali changu cha kazi kilikuwa mikononi mwa wenye kiwanda.

Sisi wachomeleaji tuliandika barua ya chama kudai glavu, na kutia jina ndiko kulikuwa kujiunga. Siku zile mwenye jina la kwanza kwenye barua ndiye aliyekuwa akifukuzwa. Basi Sipho, tuliyesimama naye bega kwa bega kazini, akalaza kifuniko cha gurudumu juu ya karatasi, akakizungushia penseli. Majina yakafuata duara, asijulikane aliyeanza.

Iliponifikia niliipitisha bila kuandika. Hakuna aliyenisema. Siku ya tatu Sipho akairudisha. Majina yalikuwa yamebanana, ila ubavuni mwa lake palibaki pengo.

“Nafasi yako hii,” akasema. “Usipoweza, nitarefusha herufi za jina langu nizibe.”

Niliandika.

Msimamizi aliigeuza karatasi ile kama usukani, akimtafuta wa kwanza, hakumpata. Glavu zikaja, kubwa kupita mikono yetu.

Sipho ametangulia. Nikiwaombea wazazi wangu, namtaja na yeye, ubavuni mwao.

Babu yako